Ngumi Juu, Macho kwa Mwenzako

Jumatatu, 6 Machi

Mke wangu ndiye aliyenitaka niandike. "Baba watoto, juzi umenihukumu faulo mbili usingizini," kaniambia asubuhi huku anafunga kanga. "Kama una mambo, yaandike mchana huko ofisini kwako. Mimi nataka kulala."

Basi naandika, saa ya chakula, kwenye kurasa za nyuma za daftari la ukaguzi. Kazi yangu ni kukagua mizani za madukani. Mezani hapa yamepangwa mawe ya mizani, kuanzia gramu mia mpaka kilo ishirini, na mhuri wa kugonga mizani iliyo sawa. Jumamosi naacha mawe navaa shati la mistari. Mwaka wa ishirini na mbili huu nachezesha mpira wa kikapu, na watu wote ukumbini wananiita Mkuu.

Mzunguko wa pili wa ligi umeanza juzi. Nimepangwa msimu mzima na Mkunga. Ni mkunga kweli, wa zahanati ya mtaa wa pili. Anatoka zamu kachoka, anafika ukumbini anakimbia kuliko wachezaji. Nimemfundisha mimi mwenyewe, miaka sita sasa. Ana miaka thelathini na nne. Mwaka huu jina lake linapelekwa kwenye mtihani wa beji ya kimataifa, na ni mwaka wa mwisho kwake, maana ukifika thelathini na tano hawakupokei. Nami nafikiriwa kuwa mkufunzi wa waamuzi. Nyota zetu zinang'aa, tuseme amina.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua. Paa la ukumbi linavuja katikati ya uwanja. Mechi moja imeahirishwa.

Jumatatu, 20 Machi

Niandike la Jumamosi, maana lilinifurahisha, halafu likanichoma kidogo.

Tunachezesha wawili: mmoja anakaa chini ya kikapu, mwingine anafuata nyuma ya mchezo. Kila mmoja ana eneo lake. Lakini mpira haujui mipaka, na ipo siku filimbi mbili zinalia pamoja, mmoja kaona hivi, mwingine kaona vile. Hapo ndipo waamuzi wanapoumbuka. Huyu anaonyesha faulo ya mlinzi, yule ya mshambuliaji, ukumbi mzima unacheka. Ndiyo maana wanafunzi wangu wote nawaimbisha: ngumi juu, macho kwa mwenzako, mdomo ufungwe. Mikono isiseme kitu mpaka macho yakubaliane. Aliyeona tangu mwanzo ndiye anayetoa hukumu, mwingine anashusha mkono. Mkivutana, Mkuu anaamua. Na mkishatoka uwanjani, mmetoka na neno moja. Hakuna "mimi nilisema."

Jumamosi filimbi zetu zililia pamoja. Mkunga akainua ngumi, akaniangalia. Nikaona macho yake hayana shaka, nikashusha mkono. Akahukumu. Mchezo ukaendelea kama maji. Baadaye Mwenyekiti wa chama chetu cha waamuzi akamwambia mbele yangu, "Binti, una macho wewe!" Kwangu akasema tu, "Mkuu, goti vipi? Naona unachechemea."

Nikamjibu goti ni zima. Si zima. Na macho nayo, nikitazama mbali, siku hizi kama kuna ukungu. Hilo sijamwambia mtu.

Jumapili, 26 Machi

Naandikia nyumbani, watoto wako kwa bibi yao. Jana nimefanya jambo baya.

Ilikuwa Kiwandani na Reli. Zimebaki sekunde tisa. Kiwandani wako nyuma kwa pointi moja, na anayeshindwa anatoka kwenye mbio za nne bora. Mpira anao Mlingoti wa Kiwandani, yule mrefu, mwenye faulo nne tayari. Akageuka, akaondoka nao kwenda kikapuni. Mimi nafuata nyuma, lakini goti limegoma, nimebaki hatua tano nzima. Mkunga yuko chini ya kikapu, pale pale panapostahili. Mlinzi mfupi wa Reli akaingia mbele ya Mlingoti, wakagongana, mfupi chini, mpira ukaingia.

Filimbi mbili.

Kama ni faulo ya mlinzi, kikapu kinahesabiwa na Kiwandani wanaongoza. Kama ni ya Mlingoti, kikapu kinafutwa, hiyo ni ya tano yake, anatoka nje, na mechi imekwisha.

Mkunga aliinua ngumi akaniangalia, kama nilivyomfundisha. Na mimi niliyemfundisha? Ngumi ilipanda ikashuka hapo hapo kwenye kiganja: faulo ya mshambuliaji. Sikumtazama. Kwa nini? Nimejiuliza tangu jana. Nadhani nilisikia tena "binti, una macho wewe." Nilitaka ukumbi ujue filimbi ni ya nani.

Akanijia mbio, akasema kwa sauti ya chini, "Mkuu, mlinzi alikuwa bado anatembea. Miguu yake nimeiona yote. Wewe umeona?"

Nilichoona mimi ni mgongo wa Mlingoti. Mgongo mpana, na namba kumi na nne. Hapakuwa na miguu ya mtu kwenye macho yangu.

"Nimeona," nikasema. "Niachie."

Akashusha mkono. Hakukunja hata uso. Tukaenda mezani pamoja, nikatangaza. Mlingoti alikaa kwenye benchi akajifunika taulo kichwani. Reli walishinda kwa pointi moja ile ile.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mkunga alisema, "Pole, Mkuu. Mechi ngumu." Nikamwambia ndiyo, ngumu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 27 Machi

Mtazamaji mmoja alirekodi kwa simu, na picha imezunguka mji mzima. Miguu ya mlinzi inatembea. Hata mtoto wa chekechea angeona.

Mwenyekiti kapiga simu. Anataka taarifa mbili za maandishi, yangu na ya Mkunga, kila mmoja aandike yake. Mimi kama Mkuu nizikusanye nimpelekee kesho. "Nani alikosea, nataka kujua tu," akasema. "Na Mkuu, ujue kamati ya wakufunzi inakutana mwezi ujao."

Nimeandika hapa hapa ofisini, karatasi yenye nembo. Nainukuu, nijione: "Mwenzangu alikuwa chini ya kikapu, karibu zaidi na tukio. Alinijia akanihakikishia kuwa ni faulo ya mshambuliaji. Kwa kuwa lilikuwa eneo lake, nilimwamini nikatangaza."

Uongo mtupu. Nimeuandika kwa mwandiko mzuri.

Jumanne, 28 Machi

Mkunga alikuja ofisini saa nne, katoka zamu, macho mekundu. Alimzalisha mtu mapacha alfajiri. Akaweka bahasha juu ya meza, kati ya jiwe la kilo tano na la kilo kumi. Haikufungwa.

"Isome, Mkuu. Kama kuna pa kurekebisha uniambie."

"Ni yako. Sina haja ya kuisoma."

"Isome bwana, mimi kuandika si fani yangu."

Nikaisoma. Mistari mitatu tu: "Filimbi zetu zililia pamoja. Tulishauriana, tukatoka na uamuzi mmoja. Kama kuna kosa, ni letu sote wawili."

Nilimwangalia. Nikamuuliza mbona hakuandika alichoniambia uwanjani. Akashangaa kabisa. "Si wewe uliyetufundisha? Tukitoka tumetoka na neno moja. Nianze kusema mimi nilisema hivi, yeye akasema vile? Aka! Hatutakuwa waamuzi tena, tutakuwa mashahidi wa polisi." Akacheka, akafunga viatu vyake, akaenda kulala.

Nikabaki na bahasha mbili. Yangu inasema yeye ndiye aliyeniambia. Yake inasema tulishauriana. Zikisomwa pamoja, yake inaikamilisha yangu. Amenikinga kwa mkono wake mwenyewe, nami mkono huohuo nimeufunga kamba.

Karatasi zenye nembo zilikuwa kwenye droo, ningeweza kuandika upya. Dakika kumi tu. Mezani palikuwa na kalamu. Nilikaa nikaitazama ile droo kama mtu anayengoja ifunguke yenyewe. Halafu mlangoni akaingia muuza nafaka na mizani yake ya kugongwa mhuri, nikaikagua, ilikuwa sawa, nikagonga. Alipotoka, nikalamba gundi ya bahasha zote mbili nikazifunga. Saa nane nilizifikisha kwa Mwenyekiti.

Mtu akiniuliza kosa langu lilikuwa lini, si Jumamosi. Jumamosi nilikosea kuona. Leo nimesoma, nimeelewa, kisha nimefunga.

Ijumaa, 31 Machi

Kamati ya Mwenyekiti imemwita Mkunga jana, peke yake. Leo hukumu imetoka: hatapuliza filimbi mpaka msimu uishe, na jina lake linaondolewa kwenye orodha ya mtihani, "isipokuwa pakitokea maelezo mapya kabla ya tarehe 28 Aprili," siku orodha inapofungwa. Mimi nimepewa onyo la mdomo, kwamba nisimwamini mwenzangu kupita kiasi.

Kupita kiasi!

Nimesoma "maelezo mapya" mara tano. Maelezo mapya ni mimi. Nina wiki nne.

Jumatatu, 3 Aprili

Mvua. Sijasema.

Jumatatu, 10 Aprili

Kwa kuwa hapulizi filimbi, Mkunga amewekwa mezani kuandika pointi. Nilidhani hatakuja. Alikuja, kalamu mbili mfukoni, shati kalipiga pasi. "Shikamoo, Mkuu." Nikaitikia. Mapumziko akanimiminia maji kwenye kikombe, kama siku zote, akanisogezea.

Ningalipenda aninunie. Mtu akikununia unajua pa kumweka. Huyu ananipa maji!

Nadhani hajui nilichoandika. Anajua tu kwamba kamati imeamua. Nikajiambia nitamwambia mechi ikiisha. Mechi ikaisha, nikasema nina haraka.

Alhamisi, 13 Aprili

Leo nimekagua duka la vifaa vya ujenzi, wanapouza misumari kwa kilo. Nani anapakua mifuko ya saruji? Mlingoti. Akajipangusa vumbi akanipa mkono. Nilimtarajia matusi.

"Mkuu, wewe sina neno nawe," akasema. "Ulidanganywa. Yule Mkunga ndiye aliyeniua. Mwaka wangu wa mwisho huu, mgongo umekwisha. Nilitaka nimalizie nne bora, basi."

"Ah, mambo ya mpira," nikasema.

"Tena mke wangu alijifungulia kwake. Mwambie tukipata mtoto mwingine hatuendi kwake."

Nikarudi kwenye kazi. Mizani ya misumari ilikuwa inapunja gramu themanini kwa kila kilo. Nikamfokea mwenye duka, nikamwita mwizi mbele ya wateja. Maskini hakuelewa nina nini. Hata mimi nilijua simfokei yeye.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimeteuliwa mkufunzi. Barua ilifika juzi, ina saini tatu. Mke wangu kaisoma mara mbili, hakushangilia.

"Mbona mwenzako hayumo?" akauliza.

"Amesimamishwa, si unajua."

"Najua amesimamishwa. Nakuuliza wewe. Tangu mwezi wa tatu huli, hucheki, sasa hata usingizini hupulizi filimbi. Unaomba radhi. 'Niwie radhi, niwie radhi.' Mimi mkeo, sijui umenikosea nini."

Nikamwambia yote. Nilidhani atanifariji. Alisikiliza akikunja nguo za watoto, moja moja, mpaka kikapu kikaisha. Kisha akasema, "Na barua hii umeipokea?"

"Nimeipokea."

"Mficha uchi hazai, baba watoto. Na wewe unaficha uchi wako kwa nguo ya mwenzako." Akaondoka na kikapu. Mpaka leo asubuhi ananijibu neno moja moja.

Alhamisi, 20 Aprili

Mvua. Sijasema.

Jumatatu, 24 Aprili

Jumamosi mezani Mkunga alisahihisha hesabu ya faulo iliyokosewa kwenye ubao wa matokeo ukutani. Aliona yeye peke yake. Alinyoosha mkono akangoja nimtazame, hakupayuka. Nilimtazama nikaona aibu hata kumtazama. Siku hizi ninamtazama begani.

Zimebaki siku nne. Sijasema.

Ijumaa, 28 Aprili

Leo orodha inafungwa saa kumi.

Mwenyekiti ana kiwanda kidogo cha kuchapa kalenda na kadi za harusi, nyumba ya tatu kutoka kona. Saa saba na nusu nilikuwa mlangoni. Mashine zilikuwa zinagonga ndani, harufu ya wino mpaka barabarani. Nilimwona kupitia dirisha, kainama anahesabu karatasi, miwani puani. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. "Mwenyekiti, mimi sikuona. Mkunga aliona, akaniambia, nikamnyamazisha, kisha nikaandika uongo." Maneno kumi tu. Mtoto wa shule anakariri zaidi ya hayo.

Akatoka mteja, akanijua. "Mkuu! Hongera, mkufunzi wetu!" Akanishika mkono kwa mikono miwili, akautikisa. Mwenyekiti akainua kichwa, akanipungia niingie.

Nikampungia pia. Nikampungia kama mtu anayepita tu, nikaendelea na njia. Nilitembea mpaka mwisho wa mtaa, nikageuka, nikatembea tena, nikapita upande wa pili wa barabara. Saa tisa na nusu nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Saa kumi nilikuwa bado nimekaa pale, nguo zimelowa jasho.

Niliiacha ipite. Hakuna aliyenizuia.

Jumanne, 2 Mei

Nimesema.

Nimeingia asubuhi, kabla hawajawasha mashine. Nimesema nikiwa nimesimama, na barua ya ukufunzi nimeiweka juu ya rundo la kadi za harusi. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kumbe ni mzee. Miaka yote nilimwona mtu mkubwa tu, sikuona kwamba mikono yake inatetemeka.

"Orodha imekwenda Ijumaa," akasema.

"Najua."

"Ijumaa nilikuona nje, nikakupungia."

"Najua, Mwenyekiti."

"Ungesema tu hukuona. Mwamuzi akisema 'sikuona' nani atamcheka? Mimi nimesema mara mia." Nikamwambia mimi sijawahi, hata mara moja, miaka ishirini na mbili. Akatikisa kichwa. Adhabu ya Mkunga ataifuta leo, barua itabandikwa ukumbini na jina langu. Atawaandikia wa mtihani kuomba, lakini hana tumaini, na mwakani Mkunga umri umeshampita. Mimi filimbi niilete.

Nilikuwa nayo mfukoni. Nikaitoa. Hapo nilitegemea moyo utakuwa mwepesi kidogo, watu husema ukikiri unatua mzigo. Haukuwa.

Jumatano, 3 Mei

Nimekwenda zahanati. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, kati ya wajawazito wawili, mwanamume peke yangu, mpaka mmoja akaniuliza mke wangu yuko miezi mingapi. Mkunga akatoka akikausha mikono kwa kitaulo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Nimekuja kukuambia jambo."

"La kwa Mwenyekiti? Amenipigia simu jana." Akaketi, akanyoosha miguu kama mtu aliyesimama tangu alfajiri.

Nikamwambia si hilo tu. Nikamwambia nilichoandika, neno kwa neno, ili asikie kwangu. Nikamwambia bahasha yake niliisoma kisha nikazifunga zote mbili. Nilisema nikitazama sakafu, vigae vyeupe, kimoja kimepasuka.

"Ile barua naijua," akasema. "Mwenyekiti alinisomea siku ile ile waliponiita."

Nikainua kichwa. "Siku ile? Tarehe thelathini?"

"Ee."

Wiki tano. Wiki tano ananipa shikamoo, ananimiminia maji, anajua.

"Sasa mbona hukujitetea, binti? Mbona hukuwaambia ni uongo?"

Alinitazama usoni, moja kwa moja, na safari hii sikuweza kuhamisha macho.

"Nilichelewa, Mkuu. Nilipoingia tu waliniuliza nani aliona nini. Sikutaka kukusema. Nikawaambia, mimi sina la kuongeza, someni alichoandika Mkuu na mkishike hichohicho, yule mtu hajui kusema uongo. Ndipo wakafungua bahasha." Akakunja kitaulo mara mbili, akakiweka magotini. "Baada ya hapo ningewaambia nini?"

Muuguzi akamwita kutoka ndani, kuna mama uchungu umemzidi. Akainuka akaenda.